Gumba la Upande wa Pili

Sema ni uongo. Sema sasa hivi, nikusikie! Halafu jua likizama uende mwenyewe ukaipite njia ile. Ukirudi na viatu vyote viwili, mimi nanyoa kipara.

Aliyeipita ni Kifua, fundi pancha. Jina hilo alijipa mwenyewe. Shule aliiacha darasa la sita, eti ilikuwa inamchelewesha. Kelele zake zinasikika mtaa wa tatu, lakini chakula cha jioni anakula peke yake nyuma ya karakana, redio ikimjibu.

Jioni moja aliingia ofisi ya halmashauri, karani ameshafunga dirisha moja.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kushtaki majani."

"Marahaba. Yamekutukana?"

"Yamefunga njia ya miguu. Kule mwisho anakaa shangazi yangu aliyenilea. Majirani wote walishahama, amebaki yeye tu. Na simu yake haipatikani tangu zile mvua kubwa."

Karani akatoa fomu. Halmashauri ilishawahi kudanganywa, ikafyeka njia mpaka shambani kwa mtu. Tangu hapo sharti ni moja: watumiaji wawili, mmoja wa kila upande, waweke alama ya gumba. Kifua akabonyeza lake kwa mbwembwe, kana kwamba anasaini mkataba wa mpira.

"Na wa upande wa pili?"

"Mama, si nimekwambia hakupitiki?"

"Basi upande ule hauna mtumiaji, mwanangu." Akamsukumia pedi ya wino. "Wafyekaji wanatoka kesho asubuhi. Ukiikosa hiyo zamu, subiri mwakani."

Mwakani! Shangazi akae mwaka mzima amezingirwa? Kifua akaikunja fomu, akashika njia.

Majani yalimfika kidevuni. Hatua chache tu, na mji ukanyamaza nyuma yake kama mlango uliofungwa. Akapiga mluzi. Mluzi ukakauka. Akaendelea kusukuma majani kwa viwiko mpaka akakadiria yuko katikati. Hapo ikamjia harufu...

Majani mabichi. Yaliyokatwa.

Nani amekata?

Fya... fya... fya...

Mundu. Polepole, kwa mkono uliochoka.

"Nani huyo?" Alitaka sauti ya kibabe. Ikatoka ya kifaranga.

Mundu ukanyamaza.

"Ni wewe?" Mnong'ono. Ulitokea karibu mno na sikio lake.

Mbele yake mwanamke alikuwa amechuchumaa, amempa mgongo. Kitambaa cha kichwani kilikuwa cha shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja mwenyewe?"

"Nina... nina fomu. Wanataka gumba lako."

Mkono ukaja nyuma. Mwili haukugeuka. Mkono ukaja tu, ukapinda pale ambapo mkono haupindi, umelowa, baridi kama bomba la alfajiri. Ukabonyeza karatasi.

"Nishikie mundu kidogo, baba. Mgongo..."

Kifua hakushika kitu. Mbio alizotoka nazo pale, hata mwizi angemwonea wivu.

Asubuhi karani aliitazama fomu kwa muda mrefu. Gumba la pili lilikuwa la kijani. Akagonga muhuri.

Wafyekaji waliingia, Kifua nyuma yao. Katikati ya njia panga zikasimama. Kuanzia hapo mpaka mlangoni kwa shangazi, majani yalikuwa yameshakatwa. Chini kabisa. Kwa mundu.

Shangazi alikuwa hapo hapo mwisho wa mkato, kichwa kimeelekea mjini. Nguo na mifupa. Daktari alisema amekufa tangu mvua kubwa. Mkuu wa wafyekaji akaokota jani moja, akalibinya.

"Hili limekatwa jana," akasema. "Bado linatoa maji."



Baada ya mazishi Kifua alikisimulia kisa hicho karakana nzima, na kila siku kilinenepa. Mpaka ikafika amepigana na jini, jini likaomba radhi. Lakini wiki ya pili alisimama tena kwenye dirisha la karani. Hakuleta utani.

"Mama, kuna sehemu nimeiacha."

"Ipi?"

"Wakati wa mvua nilikwenda kumwona. Nikafika nusu, nikasikia mundu. Akauliza, 'Nani huyo? Njoo tusaidiane, baba, imebaki kidogo.' Alikuwa hai, mama."

Karani akaweka kalamu chini. "Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nikajisemea kufyeka ni kazi ya halmashauri. Nilisimama kimya mpaka akachoka kuita. Halafu nikarudi kinyumenyume, taratibu, majani yasitikisike."