Mgeni wa Kiti cha Chini ya Saa

Wanasema ya kale hayanuki. Hili linanuka mpaka leo, nalo lilianza kwa jambo dogo mno: mtu alimeza mate.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, jua limeshapanda, na kipindi cha maswali bungeni kinakwenda kama siku zote. Chini ya ukumbi, katika chumba kisicho na dirisha, alikaa mwandishi wa taarifa rasmi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Wote mle walimwita Mama Vidole, maana vidole vyake vilidonoa mashine kama kuku waliomwagiwa mtama. Kazi yake ilikuwa kuvaa hedifoni na kuandika kila linalosemwa huko juu. Mbunge akisema, ameandika. Waziri akikohoa, amepumzika.

Asubuhi ile Waziri wa Afya alikuwa anajibu. "Mheshimiwa Spika, Serikali inalitambua tatizo hilo, na inalifanyia kazi."

Mama Vidole akaandika, akaweka nukta. Baada ya nukta, ndani kabisa ya sikio lake, akasikia: ngo. Kama mwenye njaa anayemeza tonge bila kutafuna.

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ngo. Na chumba kikaanza kunuka kinywa kilichofungwa siku nyingi.

"Babu, hebu sikia hapa," alimwita mwenzake. "Huyu Waziri kameza nini?"

Mwenzake alikuwa mhariri mzee aliyeitwa Babu Mkasi. Spika akiamuru maneno yafutwe, Babu Mkasi ndiye aliyeyakata. Mzee hakuigusa hedifoni.

"Huyo si Waziri," alisema kwa sauti ya chini. "Na ulilosikia usiliandike. Mimi miaka thelathini sijaliandika, na mke wangu bado ana mume."

"Mume mwenyewe anaogopa mate?"

"Cheka, mama. Cheka sana. Lakini usiandike."

Angeliacha lipite, kama si kwamba swali alilokuwa anajibu Waziri lilikuwa la mdogo wake. Ndiyo, mbunge aliyeuliza alikuwa mdogo wake wa mwisho, kitinda mimba, ambaye yeye alimbeba mgongoni na kumfundisha kusema "maji" na "sitaki". Na swali lenyewe lilikuwa la nyumbani. Kituo cha afya cha kwao kilikuwa na gari la wagonjwa lililokaa juu ya mawe mwaka wa tatu, halina tairi hata moja, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mama yao alipozidiwa, walimpeleka kwa toroli. Hakuifikia barabara kubwa. Kwa hiyo mdogo mtu aliuliza jambo moja tu: Waziri ataje siku gari lile litakaposhuka kwenye mawe.

Mara ya kwanza alipouliza, alisimulia na neno la mwisho la mama yao kwenye lile toroli: "Wanangu, gari liko wapi?" Spika akasema hiyo ni simulizi, si swali, ikafutwa. Sasa ameuliza mara ya pili, na jibu ni lile lile. Linafanyiwa kazi.

Mchana walikutana kwenye mkahawa wa bunge. Mdogo mtu alijifunga skafu shingoni, sauti imekwaruza kama bawaba.

"Mafua tu, dada."

"Mafua gani hayana kamasi?"

"Wewe nawe! Alhamisi nauliza mara ya tatu. Hata kama ni kwa kunong'ona."

Mama Vidole alitazama meza ya jirani. Pale alikaa mbunge mnene waliyemwita Radi, mtu ambaye zamani hakuhitaji kipaza sauti. Yeye aliuliza habari ya pampu ya maji mara tatu. Sasa alikuwa anaagiza chai kwa kidole. Wenzake wawili aliokaa nao walikuwa wanaandikiana kwenye karatasi.

Mama Vidole akarudi chumbani, akavaa hedifoni, akasikiliza rekodi ya asubuhi mpaka mwisho, pale ambapo huwa hakuna mtu anayefika. Kimya. Ngo. Kimya tena. Halafu sauti ya mdogo wake, na kile kithembe chake kidogo, ikasema kwa upole: "Ahsante, Mheshimiwa Spika. Nimeridhika na majibu."

Mdogo wake hakusema hivyo. Alikaa chini amenuna, kipaza sauti kimezimwa.

Mama Vidole alivua hedifoni, akamshika mzee kola ya shati. "Sema!"

Babu Mkasi alikaa chini. "Zamani tulirekodi kwenye utepe," alisema. "Spika akifuta neno, nakata kipande kwa mkasi. Sheria inasema vipande vichomwe, na tanuri liko nyuma huko, ngazi arobaini. Magoti yangu unayajua. Nyuma ya kabati hili kuna ufa sakafuni, nikawa navitumbukiza humo. Matusi, ndiyo, lakini na maswali pia. Maswali magumu ndiyo yalifutwa zaidi. Siku moja nikasukuma kipande, kikavutwa upande wa pili. Nikadhani panya."

"Ukadhani panya?"

"Mpaka aliposema ahsante."

Mama Vidole hakucheka tena.

"Nikaendelea kumlisha, kwa woga. Akanona, akatoka. Sasa anakaa juu, kile kiti cha mwisho chini ya saa, kinachosemwa kimevunjika. Ukiuliza mara ya kwanza, anakula jibu. Mara ya pili, anaionja sauti yako. Mara ya tatu..." Akajigusa koo.

"Na hamkuita mtaalamu?"

"Aliitwa mmoja, kwa siri. Akafukiza, akasoma, akatoka mbio akaacha viatu. Alisema jini hili halikuja na upepo wala maji. Limelelewa kwa kanuni za nyumba hii, kwa hiyo litatoka kwa kanuni za nyumba hii."

Kanuni! Kanuni Mama Vidole alizijua kuliko wenye kuzitunga, maana alizichapa mara mbili kwa mikono yake. Asiye mbunge akionekana ukumbini ni mgeni. Mbunge yeyote akisimama na kusema anamwona mgeni, hapana mjadala, Spika huamuru wageni wote watoke, nao hutoka pamoja kwa mlango mmoja. Lakini sharti mgeni aonekane, na katika nyumba ile, kisichoandikwa kwenye taarifa hakipo.

"Kumbe ninyi ndio mmemficha miaka yote hii," alisema. "Basi mimi namwandika."

"Atakufuata."

"Anifuate. Nimelea wanne na mume mkorofi, nishindwe na mlafi wa maneno?"

Jioni alimweleza mdogo wake. Mdogo mtu alicheka kwanza. Alipoisikia rekodi inaongea kwa sauti yake, kicheko kikamkauka. "Akikunyang'anya sauti, usikae," Mama Vidole alimwambia. "Simama hivyo hivyo. Na mwambie Radi na wenzake wawe tayari, kama wamebakiwa na sauti ya kifaranga, hiyo hiyo itatosha."

Alhamisi ikafika, saa tatu na nusu ile ile. Mdogo mtu alisimama, akasoma swali lake kwa mkwaruzo, na Waziri akainuka kujibu. Mama Vidole akaanza kuandika. Waziri hajamaliza, hedifoni ikapata joto, harufu ile ikamjaa puani, na mtu akamwita sikioni, karibu kuliko mume anavyoita, "Mama Vidole. Futa."

Hakufuta. Vidole vikaanza kufa ganzi, kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho, naye akaandika kwa vilivyobaki, na sauti ikamwambia futa, futa mama, kila mtu anafuta, ni nukta tu, ni kimya tu, nani amewahi kufa kwa kimya, naye akaandika hilo pia, akaandika na ule ngo, akaandika sauti ya mdogo wake inayosema imeridhika wakati mdogo wake amesimama kule juu anaachama bila kutoa hata pumzi, akatoa karatasi kwenye mashine akaona herufi za chini zinafifia, mstari baada ya mstari, kana kwamba ulimi unazilamba.

Akachomoa penseli. Akaziandika upya kwa kukandamiza mpaka karatasi ikachimbika, akaongeza: mgeni, kiti cha chini ya saa. Hizo hazikulambika.

Desturi ni kwamba kila robo saa mhudumu hupeleka karatasi mezani kwa Spika, na waandishi hawaruhusiwi kuuvuka mlango wa ukumbi. Mama Vidole alimpita mhudumu, akapanda ngazi, akausukuma mlango kwa kiwiko. Mpambe wa Bunge, mwenye upanga wake wa sherehe, akamzuia.

"Mama! Humu huingii!"

"Mwenzangu kaingia miaka thelathini, mbona hukumzuia? Sogea, baba."

Mpambe akasogea, sijui kwa nini. Labda aliuona uso wake.

Spika alikuwa mama mwenye miwani, mwalimu mkuu wa zamani, mtu wa kusoma kwanza na kufoka baadaye. Alipowekewa karatasi mezani, akasoma. Akainua macho kuelekea kiti cha chini ya saa.

"Nani amekaa pale?"

"Hakuna mtu, Mheshimiwa Spika."

Ilikuwa sauti ya Spika mwenyewe. Ilitoka kwenye kiti. Midomo ya Spika ilikuwa imefungwa, na ukumbi mzima uliiona imefungwa.

Mtu akaangusha glasi. Mdogo mtu, hana sauti, machozi yanamtiririka, alikuwa bado amesimama. Akanyoosha mkono kuelekea kile kiti, akaushikilia hapo. Ndipo Radi akainuka, na kutoka kwenye kifua kile kipana kikatoka kisauti cha kifaranga: "Mheshimiwa Spika, namwona mgeni." Akainuka wa pili, "Namwona mgeni." Wa tatu. Wa nne. Wakafika tisa, na visauti vyote tisa kwa pamoja havikufika sauti moja ya mtu mzima, lakini vilisikika.

Spika akagonga nyundo. "Wageni wote watoke."

Wote. Hilo Mama Vidole alilijua tangu alipokuwa anaichapa kanuni. Wageni ukumbini walikuwa wawili, naye alikuwa mmoja wao. Akageuka, akaanza kutembea.

Nyuma yake mto wa kile kiti uliumuka polepole, kama unga wa maandazi, kikatoka kitu kizito kisicho na kivuli, nacho kikamfuata kwenye zulia, hatua kwa hatua, kinampumulia shingoni, kinamsemesha kwa sauti ya Radi ya zamani, kwa sauti za mawaziri waliokwisha kusahaulika, kwa sauti ya mdogo wake, na alipobakiza hatua tano kufika mlangoni kikatoa kile kipande kilichofutwa, sauti nyembamba ya bibi kizee aliyelazwa kwenye bati baridi la toroli: "Wanangu, gari liko wapi?"

Akataka kugeuka. Mtoto gani hageuki akiitwa na mama yake?

"Mama yangu kalala," alisema bila kugeuka. "Amezikwa, nimemlilia, nimemaliza. Wewe tembea."

Wakauvuka mlango pamoja. Mpambe akaubamiza nyuma yao, na harufu ikapita ushorobani, ikashuka ngazi kuu, ikatoka nje kwenye jua.

Kwenye ukuta wa ushoroba kuna spika ndogo inayotangaza yanayosemwa ndani. Mama Vidole aliiegemea, akatega sikio. Kwanza alisikia kikohozi. Kisha kithembe.

"Mheshimiwa Spika," alisema mdogo wake, sauti imejaa tele, "sikuridhika. Wala sijawahi kuridhika. Ataje siku."

Waziri akafungua kinywa, akasubiri yale maneno yaliyozoea kuja yenyewe. Hayakuja. Ukumbi ulimsikia akipumua.

"Matairi yalikuja," alisema mwishowe, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Yalikuja mwaka juzi. Yamefungwa kwenye gari langu."

"Siku, mheshimiwa!" Radi alinguruma, na glasi zote mezani zikatetemeka.

"Jumatatu."

Na Jumatatu gari likashuka. Kuku walilalamika sana.

Mama Vidole aliachishwa kazi kwa kuuvuka mlango bila ruhusa. Barua ilisema hivyo, na alikiri kwamba imechapwa vizuri. Babu Mkasi aliziba ufa kwa saruji kwa mikono yake, akastaafu. Mdogo mtu alilia, akaambiwa anyamaze, kuna maswali mengine ya kuuliza.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Vidole alikwenda ofisi ya maji ya mtaa wao, maana bomba lilikuwa limekauka wiki ya tatu. Karani hakuinua hata macho.

"Tunalitambua, mama. Linafanyiwa kazi."

Ngo.

Harufu ikamfikia, ile ile. Watu kwenye foleni walianza kujikuna makoo, hawajui kwa nini. Nyuma ya karani, pembeni, kulikuwa na kiti kitupu, mto wake umebonyea.

Mama Vidole akavuta benchi, akaketi, akafungua daftari, akailamba ncha ya penseli yake.

"Rudia, mwanangu, polepole," alimwambia karani. "Na wewe uliyekaa nyuma yake, taja jina nikuandike. Leo sina haraka. Sina kazi ya kufukuzwa."

Kisha kile kiti kitupu, chenyewe, kikarudi nyuma hatua moja.