Neno Palepale

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alivaa viatu vya mpira vya mama yake, akateremka hadi kwenye mfereji wa malisho ya chini. Jina hilo walimpa kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Lakini kazi ya mfereji ilihitaji neno moja tu.

Mfereji ulikuwa na mlango wa mbao wa kuzuia maji, na kando yake nguzo fupi yenye mikato mitano. Maji yakishuka chini ya mkato wa tatu, udongo mweusi wa bonde hukauka, hupasuka, na nyasi hufa. Yakipanda juu yake, udongo hulegea kama uji na ng'ombe huzama. Ndiyo maana Mama hakufungua zizi mpaka binti yake arudi na habari. Maji yakiwa kwenye mkato wa tatu, Chiriku alisema, "Palepale," na ng'ombe wakateremka bondeni.

Wiki hiyo ilianza kwa manyunyu ya baridi. Jumatatu Chiriku aliishia nyuma ya ghala, akajibanza ukutani, akahesabu mpaka mia mbili, akarudi kusema palepale. Jumanne, vivyo hivyo. Jumatano alivipaka viatu tope kwa mkono ili vifanane na vya mtu aliyetoka kazini. Mvivu ana bidii zake! Wakati huo majani yaliyokufa yalikuwa yamerundikana kwenye mlango, na maji yalishaufunika mkato wa nne.

Aliporudi kutoka shuleni siku hiyo, alikuta majirani wamejaa bondeni na kamba. Ng'ombe wao mwenye paji jeupe, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amezama hadi tumboni. Mjomba, kaka yake Mama aliyeishi nao, alikuwa ndani ya tope hadi kifuani, akipitisha kamba chini ya mnyama. Walivuta mpaka viganja vikachubuka. Jioni ng'ombe aliacha kujitahidi, akalaza kichwa topeni, akafa na ndama wake tumboni.

Mama alilia, kisha hasira ikamgeukia Mjomba, maana ndiye aliyebadilisha ubao wa mlango wiki iliyopita. Alisema mtoto amepima kila siku na maji yalikuwa palepale. Kama yamefurika ghafla, basi ni ubao wake umekwama. Akamwambia atafute pengine pa kuishi.

Mjomba hakubishana. "Labda niliukaza mno," alisema, akaanza kukunja nguo zake.

Chiriku alitazama vile viganja vilivyochubuka vikifunga mkoba. Uchungu ukaushinda woga wake.

"Mama, si ubao. Sikwenda kupima. Siku zote tatu sikwenda."

"Na hiyo palepale ilitoka wapi?"

"Nyuma ya ghala."

Mama aliketi kizingitini. Mjomba aliweka mkoba chini, akachukua reki, akaelekea mferejini. Chiriku alimfuata bila kuitwa. Walitoa majani, reki kwa reki na konzi kwa konzi, mpaka maji yakapata njia na mkato wa nne ukaonekana tena. Mama aliwakuta huko. Alimwomba kaka yake radhi kwanza, kisha akamgeukia binti yake.

"Ungeniambia unaogopa baridi, ningekwenda mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini yako imetosha kupita juu ya ng'ombe wetu, na imebaki kidogo impitie mjomba wako."

Maji yaliposhuka, Chiriku alirudi kutoa habari. "Mkato wa tatu, kasoro upana wa kidole. Majani nimeyaondoa." Mama alimsikiliza, halafu akateremka kuhakikisha kwa macho yake, ndipo akafungua zizi. Kesho yake alifanya hivyo hivyo, na siku zote za mwezi ule. Kila mara Chiriku alisimama karibu na nafasi tupu ya ng'ombe mwenye paji jeupe, akingoja.

"Kuaminiwa nako huzama," Mama alimwambia. "Tofauti na ng'ombe yule, imani iliyozama unaweza kuivuta ukaitoa. Ila utavuta peke yako, kila siku."

Chiriku alivuta. Asubuhi moja yenye manyunyu alirudi amelowa hadi magotini, akataja mkato na kidole. Mama alimtazama usoni, si viatuni, akafungua zizi.