Santuri Iliyopiga Hodi

Watu wa Mtanda walimjua Erasmo kwa ugonjwa mmoja tu: santuri. Ukimtuma chumvi, atarudi na santuri. Alikuwa nazo mia nne na ushei, zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, za injili na za muziki wa soul, nyingine hata redio kubwa hazikuwa nazo. Kila Jumapili asubuhi alitia kadhaa kikapuni akaenda kuzipiga kwenye redio ndogo ya mjini Lindi. Mkewe Devota alibaki nyumbani akimsikiliza huku akichambua mchele, na binti yao Benadetha, mwenye miaka sita, akicheza mkekani karibu na redio.

Jumapili hiyo alipiga santuri aliyoipata Kiranjeranje, kwenye kasha la marehemu mwalimu wa kwaya. Haikuandikwa jina la mwimbaji wala la wimbo. Devota akasikia mikwaruzo, kisha mlango ukigongwa: ngo, ngo, ngo. Sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Hodi."

Halafu kimya. Mtangazaji huogopa kimya, na mtu aliyelelewa vizuri haachi hodi bila jibu. "Karibu, mama," Erasmo akasema kwa bashasha. "Pita ndani, jisikie uko nyumbani."

Mwanamke yule akaanza kuimba. Pazia la mlangoni kwa Devota likasogea, na upepo haukuwapo. Ikaingia harufu ya udi iliyochanganyika na ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Mkeka ukabonyea pembeni mwa mtoto, mahali pasipo na mtu, na Benadetha akajisogeza kumpisha.

Tangu hapo mtoto hakula. Alishinda mkekani amefumba macho, amefumba midomo, na wimbo ule ukimtoka kifuani kwa sauti ya mwanamke mtu mzima. Zahanati walimpima malaria, hawakuona kitu. Padri alimwombea, na wimbo ukatulia kwa adabu mpaka alipomaliza, ukaendelea. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Huyu alikuja mwenyeji afe. Kufikia Jumamosi mbavu za mtoto zilihesabika. Devota alikuwa amekata tamaa kabisa, akaenda Mitwero kumleta mganga Likwata, mtu ambaye siku nyingine angekwepa hata kuonekana naye.

Likwata hakuvuka kizingiti. Alisimama nje, akanusa, akashusha sauti.

"Huyu hakuvunja mlango, binti yangu. Alipiga hodi, akakaribishwa. Mgeni wa hivyo hafukuzwi, husindikizwa."

"Na nani, babu?"

"Na aliyemkaribisha. Aende palepale alipomkaribishia, aipige tena, amwambie waondoke pamoja. Wewe kaa hapa na redio. Mtoto akifumbua macho, zima. Wimbo ukifika mwisho redio ikiwa bado wazi, mgeni atarudi, na safari hiyo hatapiga hodi."

"Na mume wangu?"

Likwata alitazama miguu yake. "Msindikizaji hurudi, akiachiwa," akasema.

Erasmo alikuwa nyuma yao, amesikia yote. "Ni mdomo wangu huu, Mama Bena," alinong'ona. Asubuhi yake alimshika mtoto paji la uso, akaacha kikapu, akaondoka na santuri moja kwapani.

Saa nne Devota alisikia mikwaruzo. Alisikia hodi, na safari hii mumewe hakukaribisha. "Inuka, mama," Erasmo akasema. "Nakusindikiza."

Mkeka ukainuka. Pazia likasogea kuelekea nje, wimbo ukaanza, na chini ya wimbo Devota akasikia nyayo za watu wawili zikikanyaga majani makavu, zikizidi kwenda mbali, na sauti ya pili ikajiunga, ya mwanamume asiyeshika ufunguo wa wimbo, ya Erasmo wake ambaye kanisani kwaya walimpa kazi ya kubeba vitabu ili tu asiimbe, na alipoitambua akakaa chini huku kidole chake kikiwa tayari juu ya swichi.

Benadetha akafumbua macho. "Mama," akasema kwa kijisauti chake mwenyewe, "nina njaa."

"Mama Bena," redio ikaita. "Usizime. Nimemfikisha, narudi. Naona bati la nyumba yetu."

Devota aliupenda ule mdomo. Miaka tisa ulikuwa ukimchekesha. Ubeti ulibaki mmoja, kisha nusu, na nyayo zilikuwa zinarudi kweli, mbio mbio, ila hakuweza kujua kama ni za mtu mmoja au wawili.

"Mke wangu, usizime."

"Mama, nina njaa," mtoto akarudia, akimvuta kanga.

Devota akamkumbatia mwanawe, akalia kwa sauti, akazima.