Kamera Isiyo na Kadi

Taa nyekundu ya kamera ya kioo cha mbele ilikuwa inawaka, na Yeremia alikuwa ameshazima gari. Alidhani ni jua la mchana linamchezea. Akaichomoa memori kadi, akaitia mfukoni. Taa ikaendelea kuwaka.

Gari lake lilikuwa la umeme, mtumba wa zamani kutoka Japani, na pale Nyegezi alipokuwa akiliegesha kama teksi hakuna mwingine aliyekuwa na la namna hiyo. Mwanzoni lilikuwa na mlio mwembamba wa kuwashtua wapita njia likienda polepole. Abiria wakamcheka kwamba amenunua mbu. Akamwomba fundi Odongo aukate waya wa mlio ule, Odongo akaukata, na gari likawa linapita kimya.

Ndipo asubuhi moja, kule Igogo, likamgonga kwa nyuma Aluoch, muuza dagaa, aliyekuwa akitembea kando ya barabara na beseni kichwani. Yeremia hakusimama. Mchana akaja kusikia kwamba mama wa watu amekufa, akakimbilia kwa Odongo kuuliza kama kamera ya mbele inarekodi.

"Haijarekodi hata siku moja," Odongo alimwambia. "Gari la zamani, kamera ya kisasa. Umeme wa soketi hautoshi, na kadi yako haiisomi. Havipatani."

Yeremia alifurahi. Aliona aibu kwa furaha ile, lakini alifurahi.

Nyumba tupu haikosi mpangaji, hata iwe ndogo kama kamera. Baada ya mazishi abiria walianza kushusha vioo, kwa sababu gari lilinuka dagaa wabichi. Alilisugua kwa sabuni. Mchungaji Nathaniel akaliombea na kulipaka mafuta, harufu ikazidi. Na sasa taa hii.

Akaendesha moja kwa moja hadi kwa Odongo. Fundi akaingia, akakaa kando yake, akabonyeza kitufe cha kuonyesha picha, na kwenye kioo kidogo ikatokea barabara ya Igogo, na kanga ya kijani ikisogea, ikisogea, mpaka ikajaa kioo kizima, kisha mwanamke akageuka taratibu, uso una vumbi na magamba ya dagaa yamemganda shavuni, akawatazama wote wawili, akasema kwa adabu, "Samahani, baba. Sikukusikia ukija."

Odongo akaurudisha mkono wake.

"Yule mama wa Igogo," alinong'ona. "Kumbe ni wewe."

"Punguza sauti, kaka."

"Na waya niliukata mimi." Odongo alifungua mlango, akatoka, akaenda kuchuchumaa ukutani huku amejishika kichwa.

Yeremia akashika kitasa ili amfuate. Mlango wa nyuma ulifunguka, ukafungwa polepole kama anavyofanya abiria mwenye heshima zake, kiti kikalalama, maji ya dagaa yakaanza kudondoka sakafuni, na ile harufu ikamjaa puani.

"Nipeleke nyumbani, baba," sauti ilisema nyuma yake. "Wanangu hawajala."

"Sipajui kwako, mama," Yeremia alijibu, analia.

"Unapajua. Siku ya msiba wangu ulikula kwetu. Binti yangu ndiye aliyekunawisha mikono."