Kioo cha Kushoto

Mama yetu mdogo, fundi cherehani, alinunua pikipiki yake ya kwanza Jumamosi moja asubuhi, jua likiwa limechangamka, akifuatana na shemeji yake makanika. Shule ya binti yake ilikuwa mbali, na mtoto alishaanza kusinzia darasani kwa uchovu wa kutembea. Binti huyo, wa miaka saba, tulimwita Pini kwa wembamba wake.

Uani kwa muuzaji alipendezwa na mbili. Nyekundu ilikuwa ndefu. Alipoikalia, aligusa chini kwa ncha za vidole tu.

"Hiyo itakuangusha kwenye foleni ya kwanza, shemeji," alisema makanika. "Ya kujifunzia, nyayo zote mbili zikanyage. Na iwe nyepesi, uweze kuiinua ikilala."

"Ikinilalia mimi je?"

"Nitakuja na jeki."

Nyeusi, iliyotumika, ilimkaa kama nguo iliyopimwa. Makanika akamwambia aelekeze vioo vya pembeni vimfae. Cha kulia kilizunguka. Cha kushoto kiligoma; nati ilishika kutu, nacho kilitazama kiti cha nyuma badala ya barabara.

"Tukibadilishe," alisema makanika.

"Kiache. Nitakuwa namwona Pini."

Muuzaji aliinamisha macho. "Hata mama aliyekuwa nayo alisema hivyohivyo."

Wiki mbili alijifunza uwanjani, alasiri, akishamaliza kazi za wateja. Gia, breki, kona. Kila alipoegesha alikunja vikanyagio vya abiria. Kila alipoirudia, alivikuta vimekunjuliwa. Alidhani springi zimechoka, akampelekea makanika. Makanika alikiminya kiti cha nyuma, akainama kuchungulia springi zinazokibeba.

"Shemeji, unajifunza na nani?"

"Peke yangu."

"Shokabu zimebonyea kama za mtu anayebeba abiria."

Jumatatu akampakia Pini. Alivaa koti la kaki alilolishona mwenyewe, lenye bitana nzito ya kuzuia upepo. Ilikuwa asubuhi nyeupe, barabara imejaa watu waendao kazini. Walipoondoka, mikono miwili midogo ilimshika kiunoni, naye akatabasamu ndani ya kofia ngumu.

Baada ya kona ya kwanza alihisi baridi. Ilipenya koti, ikapenya bitana, ikafika kwenye ngozi. Ilikuwa na umbo la vidole.

Akatupa jicho kwenye kioo cha kushoto.

Pini alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa kiti. Mikono yake yote miwili ilishika keria, nyuma yake.

"Pini," alinong'ona. "Mbona hunishiki?"

"Hakuna nafasi, mama. Anasema nishuke."

Mikono kiunoni ikakaza.

Alikumbuka somo. Breki zote mbili. Taratibu. Nyayo zote mbili zikakanyaga lami, pikipiki ikasimama wima. Pini akateleza, akaangukia vumbi la kando. Lori likapita hatua moja kutoka miguuni pake.

Ingekuwa ile nyekundu, tungezika.

Pikipiki ilirudishwa siku hiyohiyo. Muuzaji hakuuliza kwa nini. Aliisukuma hadi mahali pake pa zamani, na vikanyagio vya nyuma vilikuwa chini.

Koti lilibaki na madoa mawili kiunoni yasiyotoka kwa sabuni. Mama mdogo akaifumua bitana aone yametokea wapi. Mishono ilikuwa yake, mizima, hakuna uzi uliokatika. Kati ya kitambaa na bitana, mahali pasipofikika kwa mkono wa mtu yeyote, palikuwa na alama mbili za viganja. Alizipima kwa kiganja cha Pini. Cha Pini kilizidi kidogo.

Koti hilo tunalo mpaka leo, ndani ya sanduku linalofungwa kwa kufuli. Mwaka jana, Pini akiwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, tulilitoa, akaweka tena kiganja chake juu ya alama.

Kiganja kilipwaya. Alama zimemzidi.