Bunduki ya Komeo ya Mtemi Nyamizi

Walikuwa wamekwisha kulipa boma kisogo, na ngoma ya kuwaaga ilikuwa imenyamaza, ndipo mjumbe alipowafuata mbio akihema kama mbwa wa windo.

"Fundi Mayengo! Mtemi anasema simama. Usigeuke, sikiliza tu!"

Mayengo akasimama, uso mbele, mgongo kwa nyumba yake. Mwindaji aliyekwisha kutoka hageuki nyuma. Akigeuka, ndovu naye humgeukia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao.

"Anasema hivi: bunduki utakayoichagua ni ya boma hili. Wewe ukirudi, heri. Usiporudi, bunduki irudi."

"Mwambie nimesikia," alisema Mayengo, akiwa bado anatazama njia. Kisha akaanza tena kwenda, na wenzake wakamfuata.

Zama hizo zilikuwa zama za pembe. Bendera ya Mdachi ilikuwa haijapandishwa bara, na kila mtemi alijifungia ndani ya boma lake la magogo akisikiliza nani kaanguka jana. Mwenye bunduki ya maana alilala usingizi nusu. Asiye nayo hakulala kabisa. Mtemi Nyamizi, mama mtu mzima aliyevaa kibangwa cha kombe, alama ya utemi, kifuani na kusema maneno machache, alikuwa katika hao wasiolala. Basi alikuwa amepatana na Mwinyi Ngwali, tajiri wa pwani aliyepiga kambi mwendo wa siku chache kutoka hapo, kwamba atapewa bunduki moja kati ya zile alizokuja nazo, na atakayechagua ni fundi wake wa kuwinda ndovu.

Fundi huyo ndiye Mayengo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu isiyojua kukaa. Tangu ujana wake hakuwahi kuvuna shamba alilolipanda mwenyewe. Lakini safari hii miguu haikumpeleka kwa kupenda. Mdogo wake, Kapela, alikuwa amevuka mto Ugalla akifuata asali, akakamatwa na watu wa Mtemi Kafuku. Na Kafuku akaleta neno: "Katika bwawa langu la Isasa yuko fahali wa ndovu. Amewaua wawindaji wangu na kuwafukuza wanawake mashambani. Niondoleeni huyo, nami nitamfungua Kapela. Mvua ya kwanza ikinyesha na fahali bado yu hai, Kapela atauzwa kwa msafara wa kwanza utakaopita."

Na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa machweo. Kila asubuhi Mayengo aliamka kabla ya wenzake, akayatazama, akawahimiza waende.

Pamoja naye walikuwa wawindaji wachache, na wawili wa kutajwa. Wa kwanza ni shangazi yake, Wande, mganga wa wawindaji, bibi mfupi mwenye kibuyu kiunoni na ulimi usio na mlango. Wa pili ni Namalowe, Mmakua kutoka kusini, mwenye chale ya mwezi mchanga katika paji la uso. Huyu alikuwa fundi wa ndovu kabla Mayengo hajawa fundi, na watu hawakuacha kuwalinganisha. Mayengo hakumpenda sana, wala hakupata kwenda porini bila yeye.

Mwinyi Ngwali aliwapokea kwa kanzu nyeupe na kahawa chungu. Akatandika mkeka, akalaza juu yake bunduki tatu.

"Haya, fundi. Chagua kama achaguavyo mtu mke."

"Mke huchaguliwa na shangazi," akasema Wande, "nami hapa simwoni hata mmoja mwenye nyonga."

Ya kwanza ilikuwa gobori, mtutu mpana hata dole gumba lilizama na kuzungukazunguka. Ya pili ilikuwa nyepesi, yenye tumbo la shaba, iliyomezeshwa risasi nyingi kwa mara moja. Watu waliiita kumi-na-sita. Ya tatu ilikuwa nzito, nyeusi, haina urembo wowote. Ubavuni ilikuwa na komeo la chuma kama la mlango: ukiliinua na kulivuta nyuma, tundu linafunguka, ukitia risasi ya ganda la shaba, nene kupita kidole cha kati, na kulisukuma mbele na kulilaza, mlango umefungwa na mauti yako ndani.

Mayengo alichuchumaa mbele ya mkeka. Aliziinua moja moja, akazishusha. Aliifungua ile ya komeo na kuifunga, akaifungua na kuifunga, akafumba macho akafanya vile vile.

"Mchagua jembe si mkulima!" akasema Namalowe, na wawindaji wakacheka.

"Mwinyi," Mayengo aliuliza, "kile unachokikalia ni fuvu la ndovu?"

"Ndicho kiti changu. Nimekizoea."

"Inuka kidogo."

Wakalipeleka fuvu kwenye kichuguu. Kumi-na-sita ikapigwa mara tatu, haraka, tatata, na risasi zote zikabaki ndani ya mfupa kama kunguni katika ufa. Gobori likanguruma, likapasua uso wa fuvu na kutupa vipande, lakini donge lake la risasi likakutwa limelala bapa katikati. Kisha Mayengo akaiweka begani ile ya komeo. Ilimrudisha hatua nzima. Vumbi likaruka kwenye kichuguu, nyuma ya fuvu.

"Hii," alisema.

"Na kiti changu?" aliuliza Mwinyi Ngwali.

"Sasa kina dirisha," akajibu Wande.

Namalowe aliligusa tundu kwa kidole, akatikisa kichwa. "Imetoboa, sikatai. Lakini gobori hili hata likifa hufufuka kwa jiwe na mate. Hicho chako kikiugua, utamwita nani?"

"Gobori ukishapiga," alisema Mayengo, "umwage baruti, utie donge, ushindilie kwa mdeki, uvike fataki. Ndovu atakungoja?"

"Mimi hupiga mara moja."

"Na ukikosa?"

"Basi sijui, maana sijakosa."

Mwinyi Ngwali akamvuta Mayengo kando na kumwonya. "Bwana, komeo hili linataka ukavu. Lifute kwa kitambaa asubuhi na jioni. Vumbi ni adui yake, na kitu cha kunata ni adui yake mkubwa zaidi. Ukisahau mengine yote, hilo usilisahau."

Wakaondoka siku ile ile. Wenzake walitaka kupumzika. Mayengo alikwisha kuwa njiani.

Walipofika ukingoni mwa bwawa la Isasa, kabla ya kuingia matete, Wande alikoroga dawa: majivu ya mizizi, asali, na utomvu mweupe wa mkuyu, mpaka ikavutika kama ulimbo. Ilikuwa desturi tangu babu na babu. Kila bunduki hupakwa, mtutu na mtambo, na bunduki isiyopakwa haitangulii watu. Magobori yakapakwa moja baada ya moja. Ilipofika zamu ya ile ya komeo, Mayengo akaikumbatia.

"Hii hapana, shangazi. Itanata."

Wawindaji wakanung'unika. Mmoja akasema waziwazi, "Mimi simfuati mtu mwenye bunduki uchi."

Wande akachovya vidole katika dawa. "Nipe mikono basi," alisema. Akampaka viganjani, viwikoni, na katika paji la uso, kisha akampa majani ya kujifutia viganja. "Nyamazeni nyie. Dawa imeingia kwa mwenye bunduki. Mume akishiba, nyumba imekula."

Wakanyamaza, ila nyuso hazikukunjuka. Namalowe alikuwa akilitazama lile komeo.

Mayengo akataka kumwona fahali aliko. Palikuwa na mti mrefu kando ya maji. Akamwachia Namalowe bunduki, ikiwa imekwisha kutiwa risasi, akapanda. Kutoka juu aliona mgongo wa kijivu ukipasua matete. Aliona pia, mbali, pazia la mvua likishuka juu ya nchi ya wengine. Akateremka upesi. Namalowe akamrudishia bunduki, kitako mbele, kama ipasavyo.

Waliingia. Mayengo alitikisa kijaluba cha majivu, na majivu yakamrudia usoni: upepo ulikuwa wao. Matope yalifika magotini. Hakuna aliyekohoa.

Fahali alikuwa amesimama katika uwazi mdogo, peke yake, pembe zake ndefu hata zilikaribia kugusa maji, sikio moja limechanika. Mayengo alisogea mpaka akaona kope zake. Akalenga nyuma ya bega, akafyatua.

Moshi ukajaa. Akaruka kando ili auache, kama alivyofundishwa, na mkono ukawa tayari kwenye komeo. Akaliinua. Likaja nusu, likakwama.

Akavuta. Halikuja. Ndani ya ufa wa chuma aliona kitu cheusi chenye kung'aa, na akasikia harufu ya asali.

Fahali akatoka ndani ya moshi, masikio wazi, mkonga umekunjwa kifuani, akija. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Ndipo Namalowe alipopita mbele ya Mayengo, bila haraka, kama mtu apitaye mbele ya mgeni kumfungulia mlango. Gobori likanguruma. Ndovu akapepesuka, uso umejaa damu, lakini hakuanguka. Akamkumba Namalowe na kumtupa matopeni, kisha akawa anamtafuta kwa mguu.

Mayengo alipiga komeo kwa kitako cha shoka. Mara ya kwanza, hapana. Mara ya pili ngozi ya vidole ikabaki juu ya chuma, na komeo likafunguka. Akatia risasi, akalisukuma kwa kiganja na kifua na laana, likafunga. Akaenda mpaka angeweza kuugusa mkia, akazunguka ubavuni, akaweka mtutu nyuma ya sikio lililochanika.

Ndovu alipiga magoti kwanza, kama mtu mzima anayetaka kukaa. Kisha akalala kwa ubavu wa kushoto, na maji ya bwawa yakaenda mbali na kurudi.

Wakamvuta Namalowe matopeni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu na chini ya goti. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

"Ulipaka," alisema Mayengo.

"Nilipaka. Ulitaka uende uchi mbele ya mnyama kama yule?"

"Ungeniua, Namalowe!"

"Ningekuua ukiwa na dawa. Si sawa na kufa hivi hivi."

 Wande alikuwa anakata vijiti vya kuufungia ule mguu, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Mwanaharamu wewe! Dawa nilimpa mtu, wewe ukakipa chuma. Chuma kinaogopa nini hata kipewe dawa? Haya, uma kamba hii, nauvuta."

Akauma, naye akavuta.

Kwa desturi, pembe iliyogusa ardhi ndovu anapoanguka ni ya mwenye nchi. Ya juu ni ya risasi ya kwanza. Walizibeba zote mbili mpaka kwa Kafuku, na Namalowe wakambeba kwa machela. Kafuku aliwapokea akiwa amevaa joho jekundu, ruga-ruga wake, askari wa vita, wamejipanga nyuma. Kapela aliletwa, mti panda wa watumwa shingoni.

"Kaka," alisema Kapela, "nimekonda tu. Mbona unanitazama kama maiti?"

Kafuku hakuzitazama pembe. "Ya ardhi ilikuwa yangu kabla hujafika. Ya juu ni haki yako, mpelekee Mtemi wako. Mimi nataka hicho chuma kilichomwangusha."

"Haikuwa hivyo, Mtemi. Ulisema fahali."

"Nilisema. Na mti uko shingoni mwa nani?"

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya mkono wa Mayengo, na la pili. Aliyaona mawazoni magogo ya boma la Nyamizi, na wanawake wakichota maji nje ya lango, na nyuma yao hakuna bunduki ila magobori mawili yenye kutu. Akamwona Kapela akiwa mtoto, akilia kwa sababu kaka yake anaondoka tena. Ndugu mui heri kuwa naye. Na huyu hakuwa mui, alikuwa mpenda asali tu.

"Nitakupa," alisema, "lakini tuchanjiane kwanza. Nikiwa ndugu yako, kwetu ni kwako, na bunduki hii haivuki mto kumpiga Nyamizi."

Kafuku akafikiri, akacheka, akanyoosha mkono. Wakachanjwa kifuani, wakala ini la mbuzi lililoguswa damu ya kila mmoja, wakalaani atakayevunja.

"Sasa ndugu yangu," alisema Kafuku, bunduki ikiwa mapajani mwake, "dawa yake ni ipi?"

"Haina. Ifute kwa kitambaa kikavu, asubuhi na jioni. Usiipake kitu."

Kafuku akawageukia watu wake. "Mmeona choyo cha hawa Wanyamwezi wa ng'ambo? Hata kwa ndugu!"

Mayengo alivuka mto pamoja na wenzake na Kapela, lakini njia ya boma ilipoonekana alisimama, kwa kuwa hakuwa na bunduki ya kuirudisha, akawapa pembe waendelee nayo.  Wande alimpa kibuyu cha maji, akaenda zake na mgonjwa wake.

Mtemi Nyamizi aliipokea pembe, akasikiliza habari yote mpaka mwisho, akaamuru jina la Mayengo lisitajwe ndani ya boma. Alitawala miaka mingi baada ya hapo, na boma halikuanguka wakati wake. Kafuku aliutunza undugu ule mpaka kufa. Mwanawe hakuutunza, lakini wakati huo risasi za ganda zilikuwa zimekwisha, na watu wa Nyamizi wakamrudisha kwa mishale. Wadachi walipofika waliikusanya bunduki pamoja na nyingine, na hakuna aliyeandika ilikuwa ya nani. Mwinyi Ngwali alikufa kwa ndui njiani akirejea pwani. Wande alikufa kwa uzee. Namalowe alipona akiwa kiguru, akaoa tena, akaishi kwa kuchonga vitako vya magobori, na kila aliyemwuliza alijibu kwamba dawa ilifanya kazi. Kapela alikaa nyumbani masika mawili, kisha akajitwika mzigo kwa hiari yake, akaenda pwani, akabaki huko. Mayengo alionekana Ufipa, halafu Urungu, halafu kwenye mto ambao jina lake kila msimulizi hulitaja tofauti. Kaburi lake halijulikani.