Jiwe la Mstari wa Saba

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na ua ukishafagiwa, Kiberenge alijaza maji chupa mbili, akatia brashi laini kwenye mfuko, akaenda makaburini. Jina hilo la utani, la kigari cha reli, alipewa na mama yake kwa sababu hakujua mwendo wa kati. Alikula mbio, akaoga mbio, hata usingizini alihema kama anayekimbizwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Huko makaburini wanafunzi sita walikuwa wanajitolea, wakiongozwa na mwalimu mmoja mstaafu. Kazi yao ilikuwa kupiga picha mawe ya makaburi, moja baada ya jingine, na kuyaandika kwenye daftari, ili watu wa mbali wanaotafuta ndugu zao wayaone kwenye mtandao. Daftari la zamani la maziko lilishaliwa na mchwa mpaka jalada. Kilichobaki kumtambulisha marehemu ni jiwe lake tu.

Mwalimu alikuwa na masharti, na hakuchoka kuyarudia.

"Jiwe la kuchongwa, maji na brashi laini. Jiwe lililoandikwa kwa rangi, hata maji lisione! Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Na lisilosomeka nalo lipigwe picha. Sisi hatuchagui marehemu."

Jumamosi moja, kabla hata ya saa nne, Kinanda alikuwa ameshapiga picha mawe thelathini na moja. Huyu alikuwa mvulana wa darasa moja na Kiberenge, na jina lake alilipata kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Kiberenge alikuwa na mawe ishirini na mawili.

"Jamani, leo kiberenge kimeishiwa mafuta!" Kinanda alipaza sauti toka mstari wa pili. "Njooni tukisukume!"

"Wewe piga kelele, mimi nipige picha," Kiberenge akamjibu. "Jioni tutaona nani wa kusukumwa."

Alisema hivyo kwa sababu mfukoni alikuwa na siri. Alikuwa amechukua jikoni waya wa kusugulia sufuria. Kwa waya ule, ukungu wa kijani uliong'ang'ania mawe ulitoka mara moja, wala hakukuwa na haja ya kusugua taratibu kwa brashi na kungoja. Mawe mawili yalitakata hivyo, naye akaona amepata dawa.

La tatu, katika mstari wa saba, lilikuwa jiwe la saruji lililoota ukungu. Chini ya ukungu ule yalionekana maandishi mekundu. Aliyasoma kwa taabu: jina la mwanamke, mwaka, na chini yake, "Mke wangu, nisubiri." Akacheka kidogo. Asubiri wapi tena? Akamwaga maji, akaanza kusugua, jicho moja likiwa kwa Kinanda.

Alipogeuza macho, maji mekundu yalikuwa yanachuruzika vidoleni mwake.

Ukungu ulikuwa umetoka, na rangi imetoka nao. Palibaki mkia wa herufi moja, nusu ya nyingine, na mikwaruzo mipya inayong'aa. Kiberenge akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Akipiga picha, mikwaruzo itamsema. Kwa hiyo akafungua daftari, akaandika neno moja, "Halisomeki," akahamia jiwe lililofuata bila kupiga picha.

Jioni alimshinda Kinanda kwa jiwe moja. Wenzake wakampigia makofi, naye akacheka nao, lakini usiku hakumaliza chakula chake. Mama akamtazama.

"Una nini?"

"Nimechoka tu, mama."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," mama akasema, akaondoa sahani.

Mvua ikanyesha wiki tatu. Jumamosi ya nne walipomkuta Mwalimu, alikuwa na mgeni: fundi cherehani wa makamo, mwembamba, ameshika begi la safari na karatasi iliyokunjwa.

"Shikamoo, baba," watoto wakamsalimu.

"Marahaba, wanangu. Poleni na kazi." Akaeleza shida yake bila kuzunguka. "Namtafuta mama yangu, aliyezikwa makaburi haya. Nimeona orodha yenu kwenye mtandao. Mawe yote nimeyapitia, sikumwona. Moja tu halina picha, la mstari wa saba. Nimesafiri siku mbili kuja kulitazama."

Wakaenda wote. Fundi alipiga magoti, akapapasa saruji kwa vidole kama anayetafuta mshono. Mvua ilikuwa imesafisha kila kitu. Hata ule mkia wa herufi haukuwapo.

"Baba yangu alikuwa mchora vibao vya maduka," alisema, bado amepiga magoti. "Mama alipofariki, jiwe lake aliliandika mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nikachukuliwa na mama mdogo, tukaenda mbali. Baba sikumwona tena. Sina picha yake, sina hata barua. Nilitaka nijue mama alipolala, halafu niuone mkono wa baba."

"Pole sana, ndugu yangu," Mwalimu akasema. "Pengine si hili. Jiwe lisilo na neno haliwezi kutuambia ni la nani."

Fundi akainuka, akapangusa magoti, akachukua begi. Alishapiga hatua kama kumi kuelekea langoni. Kiberenge alijua akifika pale atapanda gari, na hatarudi.

"Baba, ngoja!" Sauti yake ilimtoka nyembamba. "Ni hili. Lilikuwa na neno."

Akalitaja jina lile, na mwaka. Kisha akasema, "Chini palikuwa na 'Mke wangu, nisubiri.' Kwa rangi nyekundu. Mimi ndiye niliyelisugua kwa waya wa sufuria."

Fundi alirudi polepole. Jina lilikuwa la mama yake. Aliketi chini kando ya kaburi, kisha akamnyooshea Kiberenge karatasi na kalamu.

"Herufi zake uliziona. Nichoree zilivyokuwa."

Kiberenge akajaribu. Alikumbuka mkia mrefu uliopinda, lakini mkono ulikataa. Alikata, akaandika tena, akakata. Fundi alitazama karatasi, akaikunja.

"Huu ni mwandiko wako, binti."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusikia. Kaburi la mama umenipa. Hilo la msamaha sijui." Akageuza uso. "Niacheni na mama kidogo."

Mwalimu aliwasogeza watoto pembeni. Alimpa Kiberenge daftari, akasimama hapo mpaka msichana alipokata lile neno "Halisomeki" na kuandika jina la marehemu, maneno ya mumewe, na chini yake: "Maandishi yalikuwapo. Niliyafuta mimi." Kisha fundi alipoinuka, Kiberenge akapiga picha jiwe tupu, na mikwaruzo yake.

Machozi yalikuwa yanamtoka. Mwalimu hakumkemea, wala hakumbembeleza.

"Ulipofuta rangi ulikosea, na kukosea hakukuanza na wewe," alisema. "Lakini siku ile palibaki nini?"

"Mkia wa herufi moja," Kiberenge akajibu. "Na nusu ya nyingine."

"Ungeniita, ningevipiga picha, na yule pale angekwenda na kipande cha baba yake. Ulificha, mvua ikamaliza. Leo umesema kweli, na kweli hiyo imempa mama. Haikuweza kumpa baba, maana ilichelewa wiki tatu. Ukikosea, mwanangu, sema wakati bado kuna kitu cha kuokoa."